Mama na Yale Magari Mawili

Mume wangu alikuja nyumbani jioni moja akiwa amenawa mikono mpaka viwikoni, na hapo nikajua kuna jambo. Siku za kawaida alikuwa anafika kwetu Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, na dizeli yake yote, anakaa, anapewa chai, halafu ndiyo anakumbuka sabuni. Jioni hiyo alikuwa msafi kama mtu anayekwenda kuposa. Akaniambia yule mhandisi wa visima amehamishwa, anarudi kwao Nairobi, na hataki kurudi na magari yake.

"Yote mawili?" nikauliza.

"Yote mawili. Amesema nichague moja mimi kwanza, kwa sababu ndimi niliyeyatunza. Nimjibu Jumatatu, si hii, ile ingine. Litakalobaki kuna mwalimu analingoja."

Bei ilikuwa ileile kwa yote mawili, na ilikuwa bei ya urafiki, kwa hiyo pesa hazikutusaidia kuamua na sitazitaja tena.

Mimi ni mshonaji. Nilisoma mpaka darasa la saba, na tangu hapo nimekuwa nikiandika mambo ya siku kwenye daftari, mara nyingi mambo madogo tu, na kila nikisoma nilichoandika najiuliza kama sikumwonea mtu. Kwa hiyo hapa nitajaribu kuyapa magari yote mawili haki yake, na watu pia. Kama nimekosea, basi nimekosea kwa kutojua.

La kwanza lilikuwa jekundu, la milango miwili. Lilikuwa chini sana, mbuzi aliyesimama angeweza kuchungulia juu yake. Mlango wake mmoja ulikuwa mrefu kama kitanda cha mtoto. Taa zake zililala ndani ya boneti, ukiziwasha zinainuka kama macho ya chura, na watoto wa Lodwar walikuwa wanakuja kutoka mbali kumwomba mhandisi aziinue na kuzilaza. Nasema kweli, hata mimi nilipenda kuziona zikiinuka.

La pili lilikuwa la kijivu, la milango minne. Ukiliona kwa mbali unadhani ni gari la ofisini, lakini ukilikaribia unaona magurudumu mapana, viti vinavyokukumbatia, na bawa limefungwa juu ya buti. Injini yake, alisema mume wangu, haikuwa ya ofisini hata kidogo. Lilikuwa linakimbia sawa na lile jekundu, ila halikujisifu.

Gari tulilihitaji. Yeye alikuwa fundi wa jenereta kule kambini Kakuma, mimi na cherehani yangu tulikuwa Lodwar, na kila wiki alikuwa anaomba nafasi kwenye malori. Lakini tangu usiku ule wa kwanza niliona alikuwa ameshachagua. Alisema "lile jekundu" kwa sauti moja na "lile la kijivu" kwa sauti nyingine.

"Na mama akija?" nikamwuliza.

"Atakaa nyuma."

"Atapitia wapi kufika huko nyuma?"

Alijua ninauliza nini.

Mimi na yeye ni watu wa upande wa Bungoma. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai karibu, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, na hawa wawili waliheshimiana sana. Kukiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu. Asipokuwepo mtu wa tatu, anaambiwa mtoto, hata kama mtoto hajaota meno.

Na mama alikuwa anakuja. Hakuwa amewahi kukanyaga Turkana tangu niolewe, alikuwa anasema ni mbali na kuna joto la kupika mayai. Sasa tulikuwa tumepata mtoto wetu wa kwanza, mtoto angebatizwa Kakuma katika kanisa la Wasudani ambako baba yake alikuwa anasali, na mama alikuwa ametuma habari kwamba joto au si joto, atafika.

Nilichoogopa kilikuwa hiki: tukinunua gari ambalo mama hawezi kuliingia kwa heshima yake, atakuja mara hii moja, atarudi Bungoma, basi. Na alichoogopa mume wangu nakiandika pia. Tangu akiwa kijana wa gereji kule Kitale alikuwa amelitamani gari la namna ile, na alijua kwamba mtu kama yeye akiliacha likiwa limesimama mbele yake, kwa sababu ya mlango tu, halitasimama tena. Sikuona ni nani kati yetu aliyekuwa na makosa. Bado sioni.

Mhandisi alikuwa mtu mzuri. Alisema tujaribu kila moja kabla ya kujibu. Mume wangu alikuwa na likizo kwa ajili ya ubatizo, basi Jumamosi ya kwanza akaja na lile jekundu. Mama jirani yetu, Mturukana, alikuwa ameketi nje akisuka kikapu cha majani ya mikoma. Akalizunguka lote.

"Ejok, mama ya nguo," akanisalimu. "Hii gari mlango ingine iko wapi?"

"Ni hiyo miwili tu."

"Na watu ya nyuma? Nyinyi mnawatoboa wapi?"

Mume wangu akamwonyesha jinsi kiti cha mbele kinavyokunjwa. Jirani akaingiza kichwa, akakitoa, akasema hata mbuzi wake wana mlango mkubwa kuliko huo. Lakini aliomba taa ziinuliwe, na zilipoinuka alipiga makofi.

Alasiri hiyo basi la Kitale lilimleta mama. Tulikwenda kumpokea na lile lile gari jekundu, na nilimwomba mama jirani atusindikize, kwa sababu yeye ndiye angemlaza mama. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Jirani alikaa nyuma na mtoto, mimi mbele.

Mama alishuka na mkungu wa ndizi, kuku ndani ya kikapu, na kitambaa chake cha kichwani cha kwenda kanisani ambacho safari yote ile haikuweza kukikunja. Mama ni mwanamke mwenye mwili wake. Mara alipoonekana kwenye ngazi ya basi, mume wangu alizunguka nyuma ya kibanda cha soda, na kutoka huko nikasikia sauti yake ikimwambia mtoto, ambaye nilikuwa nimembeba mimi:

"Mtoto, msalimie nyanya yako. Mwulize safari ilikuwaje."

"Mtoto," mama akajibu, akikitazama kibanda, "mwambie baba yako tumefika salama, ila dereva wa basi hana adabu."

Halafu akaliona gari. Nilikuwa nimeshakunja kile kiti cha mbele. Akalitazama lile pengo kwa muda mrefu.

"Mtu anaingia na nini hapa?"

"Unaanza na kichwa, mama."

"Na kile kingine?"

"Kinafuata."

"Kinafuata kikitazamwa na nani?"

Kweli hilo sikuwa nimelifikiria. Kukaa mbele hangeweza, kwa sababu bega lake na la mkwewe yangeachana kiganja kimoja tu. Kuingia nyuma ilikuwa lazima ainame mlangoni, katikati ya kituo cha mabasi, mkwewe akiwa nyuma ya kibanda chenye matundu. Wapakiaji wa mizigo walikuwa wameanza kukusanyika. Mmoja akasema, "Mama, ingia kinyumenyume, hivyo ndivyo tunapakia fahali." Mwingine akasema tumfungulie buti.

Ndipo mama jirani alipopanda juu ya gunia la mtu. "Wanaume," akasema, wala hakupaza sauti sana. "Wanaume yote, angalia soko. Hapa hakuna kitu."

Na wakageuka. Sijui kwa nini walimtii. Wapakiaji, dereva asiye na adabu, muuza soda, hata askari mmoja aliyekuwa anapita na mkate wake, wote walisimama wametupa mgongo wakilitazama soko la Lodwar kama vile wanalinunua. Mama akaanza na kichwa. Jirani akasukuma kile kingine. Kulikuwa na muda ambapo hakuwa ndani wala nje, na kuku akatoka kwenye kikapu, na mimi nikacheka mpaka mtoto akaanza kulia. Mama naye nilimsikia humo ndani anacheka, lakini alicheka kwa pua tu.

Jirani alirudi nyumbani kwa miguu pamoja na zile ndizi. Alisema anaona ni haraka zaidi.

Sasa haki ya gari jekundu. Mama alipokwisha kaa, alipapenda. Viti vya mbele vilikuwa virefu, hakuona hata unywele wa mkwewe, wala yeye hakuonekana. Tulipoingia kwenye lami na mume wangu akalifungulia kidogo, nilisikia huko nyuma sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana mdogo, sauti ya mama akiwa kwenye bembea ya sherehe. Nikageuka kumtazama. Alikuwa ameshika kitambaa chake kwa mikono yote miwili.

"Mtoto," akasema, "mwambie mwenye gari hapa nyuma ni pazuri. Mtu amefichwa vizuri."

"Mtoto, mwambie nyanya ahsante," akasema mume wangu, na masikio yake yalikuwa yamesimama kwa furaha.

Lakini tulipofika Kanamkemer alipaswa kutoka. Kutoka kulikuwa kubaya kuliko kuingia, kwa sababu mchanga wa mlango wetu ni laini na mguu hauna pa kukanyaga. Mume wangu alikuwa ametembea mpaka nyumba ya nne na kusimama akitazama mlima. Mama alipotoka na kujipangusa aliniambia, "Mchungaji wetu anatufundisha kila Jumapili tuzaliwe mara ya pili. Hakusema ni kupitia mlango huu."

"Lakini alicheka," mume wangu alinong'ona jikoni. "Njiani. Si alicheka? Nilisikia."

"Alicheka."

"Basi liandike hilo kwenye daftari lako."

Nililiandika. Niliandika pia kule kutoka.

Wiki ile mama alilala kwa jirani, anakula kwetu mchana mkwewe akiwa ametoka, na hao wanawake wawili wasiokuwa na lugha moja walikuwa wanacheka jioni nzima upande wa pili wa ukuta. Mimi nilikuwa namaliza majoho ya kwaya ya kule Kakuma, meupe yenye kola ya buluu. Mwalimu wa kwaya alitaka yavaliwe siku ya ubatizo wetu. Niliyashona kwa moyo wote, ingawa nikiyatazama niliona kola nyingine hazikulala sawa.

Jumamosi ya pili tukachukua la kijivu kwenda Kakuma. Hapa naomba msomaji awe na subira, kwa sababu kila kosa lililotokea lilitokea kwa adabu.

Kwanza, buti. Nilikuwa nimeyafunga majoho ndani ya shuka na kuyaweka kwenye buti pamoja na ndizi zilizobaki. Mama alitaka kuongeza kikapu chake, akaenda nyuma ya gari akainama. Mume wangu alikuwa anakuja kulifunga buti. Alipomwona mama mkwe wake ameinama pale, akageuka akaenda kuangalia upepo wa magurudumu ya mbele, ambayo alikuwa ameshayaangalia. Mama akalifunga mwenyewe. Hakuwa amewahi kufunga buti maishani mwake. Alilisukuma polepole, kama anavyofunga mlango wa jikoni kwake ili kuku wasiamke.

Pili, kukaa. Milango minne ni kitu kizuri, siwezi kukataa. Mama alifungua wa kwake, akaingia, akakaa, basi, hakuna mwanamume aliyehitaji kutazama soko. Alichagua kukaa nyuma ya dereva, kwa sababu akikaa upande wa pili angemwona shavu. Nilikaa mbele na mtoto.

Tatu, vioo. Mume wangu alipoketi, kile kioo cha katikati kilimwonyesha macho ya mama. Alishtuka kama amemwagiwa maji, akakigeuza kikatazama juu. Kioo cha nje cha upande wake nacho kilimwonyesha mama dirishani, akakikunja. Cha kushoto kilikuwa kimepasuka tangu kwa mhandisi. Hivyo ndivyo tulivyoondoka Lodwar, tukijua kila kitu kilicho mbele yetu na hatujui lolote la nyuma.

Siku hizo magari ya Kakuma yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu ya majambazi wa barabarani. Sisi tulikuwa karibu na mwisho. Nyuma yetu kulikuwa na lori la mahindi, na nyuma ya lori gari la askari. Gari la kijivu lilikuwa linateleza vizuri, viti vimetukumbatia, upepo ni moto lakini ni upepo. Mtoto akalala. Na mimi nikalala.

Kwa hiyo yaliyofuata nimesimuliwa na pande zote mbili, na hazilingani kabisa. Nitaweka zote.

Mama anasema kwanza kulikuwa na giza nyuma yake. Akageuka, akaona kioo cha nyuma kimezibwa na bati la kijivu. Buti lilikuwa limefunguka, linapanda na kushuka na bawa lake kama mdomo wa mtu anayetafuna. Halafu kupitia dirisha la pembeni akaona kitu cheupe kinaruka na kutua juu ya mgunga. Kilikuwa na kola ya buluu.

"Mtoto," akasema, "mwambie baba yako buti limefunguka."

Mtoto alikuwa amelala.

"Mtoto, mwambie mama yako aamke amwambie baba yako nguo za kanisa zinakwenda."

Angeweza kuninyoshea mkono, lakini mkono ule ungepita kwenye bega la mkwewe. Akajaribu kuita jina langu, ila kwa sauti ya heshima, na sauti ya heshima haimwamshi mama anayenyonyesha.

Mume wangu anasema alisikia mama mkwe akiongea na mjukuu wake na akaona si adabu kusikiliza. Mama anasema hilo haliwezekani, alisema kwa sauti ya kutosha. Mume wangu anasema lori la nyuma nalo lilikuwa limeanza kupiga honi, na honi ilifunika maneno. Hapo wote wawili wanakubaliana kuhusu honi. Wanachokubaliana pia ni kwamba yeye, kwa kuwa hakuwa na kioo hata kimoja, alidhani lori linamwambia aongeze mwendo. Akaongeza. Injini ile isiyokuwa ya ofisini ikafurahi, shuka likafunguka fundo, na majoho yakaanza kutoka kwa mafungu.

Kilichoniamsha mimi ni neno moja.

"Simama."

Halikuambiwa mtoto. Lilikuwa neno la mama mwenyewe, limetoka moja kwa moja, kwa sauti aliyokuwa akituita nayo shambani mvua ikija. Gari lilisimama hata kabla sijafungua macho vizuri.

Mume wangu alikuwa ameshika usukani akitazama mbele.

"Mama mtoto," akasema polepole, "ni nani amesema simama?"

"Mimi nilikuwa nimelala," nikamwambia.

Nyuma, mama alikuwa anatazama jangwa kwa makini sana, kama mtu aliyelipia kuliona.

Lori la mahindi lilisimama, askari wa nyuma wakasimama, na mmoja akaja akivuta miguu. Alitazama buti, akatazama barabara tulikotoka, ambako majoho yalikuwa yamelala meupe kwenye lami na kwenye miti mpaka macho yanapoishia.

"Mama," akaniambia, "hii ni barabara ama ni kamba ya kuanikia?"

Lakini alitupa nafasi. Tuliyaokota sote, dereva wa lori, utingo wake, askari, mimi na mtoto mgongoni. Mume wangu aliokota upande wa kushoto wa barabara na mama upande wa kulia, na hawakuvuka. Tulikuwa tunacheka hovyo. Sijui ni nani aliyeanza. Askari akalivaa moja juu ya sare yake ili mikono yake iwe huru kubeba mengine, na bunduki ikamning'inia juu ya kola ya buluu.

La mwisho lilikuwa limevaliwa tayari. Kulikuwa na bwana mmoja mrefu na ngamia zake, fimbo begani, kibao chake cha kukalia mkononi, na joho letu limemfika magotini. Nilimsalimu ejok, akanijibu vizuri.

"Baba, hiyo nguo ni yetu."

"Imekuja na upepo," akasema. "Mimi sikuiita."

"Ni ya kanisa."

Akajitazama chini, akaipapasa ile kola. "Basi mimi ni kanisa."

Askari wakacheka mpaka wakashikana. Na mimi nilipomtazama niliona kwamba katika majoho yote niliyoshona, lile ndilo lililokuwa limelala sawa mabegani. Sikuona haki kumvua. Nilimwachia. Alikwenda zake na ngamia, mweupe, na alionekana kwa muda mrefu kwa sababu pale hakuna kitu cha kumficha mtu.

Tulifika Kakuma na majoho yenye vumbi. Mwalimu wa kwaya, Msudani mpole mwenye vidole virefu, alitupokea nje ya kanisa lao la matope. Nilimwambia yote, pamoja na upungufu wa moja. Alizunguka gari kwanza.

"Hii arabia kweis," akasema, hivyo ndivyo wanavyosema gari ni zuri. "Ila inatapika."

"Na joho lililopungua?"

"Hakuna shida. Mimi nafundisha, mimi nawapa watu mgongo. Waimbaji wavae. Mgongo yangu watu imezoea."

Usiku huo wanawake wa kwaya walikung'uta vumbi na kupiga pasi, na Jumapili walitoka wameng'aa. Mtoto wetu alibatizwa katikati ya ngoma na nyimbo za Kidinka ambazo sikuelewa hata neno moja, na nililia katika zote. Mama alicheza. Mwalimu wa kwaya alitupa mgongo wake wenye shati la rangi ya chai ya maziwa, na kwa kweli hakuna aliyemwangalia.

Jioni tuliporudi Lodwar sikumwuliza mume wangu kitu. Nilikuwa nimeandika mema ya kila gari kwenye daftari mpaka kurasa mbili zikalingana, na mimi mwenyewe nikawa sijui ninalotaka. Gari jekundu lilimfanya mama acheke, na halikumwaga kitu. La kijivu alilipanda kwa heshima, na likatuanika barabarani. Mtu mwingine angesema jekundu limeshinda.

Jumatatu nilimsindikiza kwa mhandisi. Yote mawili yalikuwa yamesimama chini ya kivuli cha tangi la maji. Mume wangu aliingia katika lile jekundu, akafunga ule mlango mrefu, akakaa. Akainua taa. Akazilaza. Halafu akatoka na kumrudishia mhandisi ule ufunguo.

"La kijivu," akasema.

Njiani nilimwambia asifanye hivyo kwa ajili yangu. Nilimwambia mama angeweza kuzoea, na wanaume wa kituo wanaweza kugeuka tena.

"Si hivyo," akasema. "Katika lile jekundu, mama yako angekaa huko nyuma amefichwa vizuri, na asingeona kitu. Asingesema kitu mpaka Kakuma."

"Na?"

"Na mimi nimemwoa binti yake, na sijawahi kusikia sauti yake ikiniambia kitu. Ni sauti nzuri. Inafanana na yako ukikasirika."

Hata hivyo mpaka leo huwa najiuliza kama alichagua mwenyewe au kama sisi wanawake na buti tulimchagulia. Nimemwuliza mara kadhaa. Anasema alichagua. Kioo cha katikati alikirudisha nusu, kikawa kinaonyesha kitambaa cha mama tu, bila macho, na vioo vya pembeni akavinunua vipya. Buti analifunga yeye, mama akiwa bado ndani ya nyumba ya jirani.

Na mama alirudi. Alirudi baada ya mavuno, na mavuno mengine tena, kila mara na ndizi. Mama akiwa ndani, mume wangu alikuwa anaendesha kama amebeba mayai. Mara moja tukitoka Kakuma, misafara ya askari ikiwa imeshakwisha, mtoto wetu akiwa sasa ana meno na maneno yake, tulipitwa na lile gari jekundu. Yule mwalimu aliyekuwa akilingoja alikuwa peke yake, miwani ya jua, mkono nje ya dirisha, na kusema haki gari lilimpendeza sana. Alitupigia honi mbili za urafiki na kuinua taa kama macho ya chura, mchana kweupe.

Mume wangu alimpungia mkono na kubaki na mwendo wake wa mayai. Nilimwona anavyolitazama likiendelea mbele, nikatazama pembeni.

Huko nyuma kitambaa kikasogea kwenye kioo. Mtoto akageuka akamtazama nyanya yake, tayari kutumwa neno.

"Mpite," mama akasema, na hakumtuma mtoto.